Kanisa Lenye Ngome Katikati ya Mizabibu

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa pamoja na mwalimu wake, na ramani ya Ulaya imetundikwa ukutani. Leo nitahitaji pia watu watatu wenye nguvu, lakini msiwachague sasa. Nitawaambieni wakati wake ukifika.

Kabla ya kuanza, nataka kujibu swali moja. Siku moja nilikitembelea kikundi fulani cha wasikilizaji, na mzee mmoja akasimama akaniuliza hivi: "Bwana Afisa, sisi hapa tuna ukumbi mmoja tu. Madhehebu mawili yanautaka siku ya Jumapili asubuhi, na kila moja linasema ukumbi ni wake. Tumegombana mpaka mlango umetiwa kufuli mbili. Je, katika masomo yenu ya redio hakuna somo la kutusaidia?" Kufuli zile mbili niliziona kwa macho yangu. Niliwaona pia wanafunzi wa kisomo wamekaa nje chini ya mti, na vibao vyao magotini. Siku ile sikuwa na jibu.

Leo sitatoa hukumu juu ya ukumbi ule, maana mimi si hakimu. Nitawaelezeni habari za jengo moja katika nchi ya Ufaransa, kanisa la kijiji kidogo cha wakulima wa zabibu. Madhehebu mawili yamelitumia tangu mwaka 1687. Tutatazama kwanza mahali lilipo, kisha jinsi lilivyojengwa, kisha kwa nini limezungushiwa ukuta wa vita, na mwisho tutaona jinsi watu walivyoishi nalo.

MAHALI PENYEWE

Mwalimu, tafadhali onyesha katika ramani nchi ya Ufaransa, upande wa mashariki, mahali inapopakana na Ujerumani. Hapo mtaona mto mkubwa uitwao Rhine, unaotoka Uswisi na kwenda kaskazini. Magharibi ya mto huo iko milima iitwayo Vosges. Nchi iliyo katikati ya mto na milima huitwa Alsace, na kijiji chetu, Hunawihr, kiko kwenye vilima vya chini vya milima hiyo, kaskazini kidogo ya mji wa Colmar.

Wakazi wake ni wachache, hawafiki hata elfu moja. Lakini mizabibu ni mingi, nayo hufika mpaka chini ya ukuta wa kanisa. Kwa nini mizabibu hustawi hapo? Sababu ni milima. Mawingu ya mvua hutoka baharini, magharibi. Yanapofika kwenye milima ya Vosges hulazimika kupanda juu, hewa hupoa, na mvua hunyesha upande ule wa pili. Mawingu yanapovuka yamekwisha kupungukiwa na maji. Ndiyo maana Colmar na vijiji vyake ni miongoni mwa sehemu za Ufaransa zipatazo mvua kidogo sana. Jua ni la kutosha, miteremko hutazama mashariki na kusini, na maji hayatuami kwenye mizizi. Mzabibu hupenda mambo hayo yote. Shamba mashuhuri la kijiji hiki huitwa Rosacker. Lina ukubwa wa kiasi cha hekta 26, na sehemu kubwa ya zabibu zake ni za aina ya Riesling, zinazotoa divai nyeupe.

Mkulima wa zabibu ana kazi mwaka mzima. Wakati wa baridi hupogoa matawi, majira ya kuchipua hufunga machipukizi, mwezi wa Juni huangalia maua, na mwezi wa Septemba na Oktoba huvuna. Mzabibu mmoja huweza kuzaa kwa miaka mingi, hata mtu akavuna mti uliopandwa na babu yake. Kwa hiyo mtu wa namna hii hahami ovyo. Vita vikija, mwenye ng'ombe huweza kuswaga ng'ombe wake, lakini shamba la mizabibu halichukuliki. Likumbukeni neno hili, maana tutalirudia tutakapofika kwenye ukuta.

JINA LA KIJIJI

Masimulizi ya watu wa huko yasema kwamba katika karne ya 7 aliishi hapo bwana mmoja aitwaye Hunon pamoja na mkewe, Huna. Bibi huyo alikuwa tajiri, lakini hakuona haya kuwafulia maskini na wagonjwa nguo zao kwa mikono yake mwenyewe. Tena husimuliwa kwamba mwaka mmoja mavuno yalipokuwa mabaya, chemchemi ya kijiji ilitoa divai badala ya maji. Masimulizi hayo mimi nawapeni kama yalivyo. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1520 Papa Leo wa Kumi alimtangaza Huna kuwa mtakatifu, na chemchemi yenye jina lake ingaliko kijijini mpaka leo. Wafuaji nguo walimchukua kuwa msimamizi wao.

JINSI TAO LINAVYOBEBA MZIGO

Kanisa lenyewe limewekwa chini ya jina la Mtakatifu Yakobo Mkubwa. Jengo tulionalo leo, kwa sehemu kubwa, ni la karne ya 15 na ya 16. Halikujengwa katikati ya nyumba, bali juu ya kilima kidogo kando ya kijiji, hata mtu akiwa shambani hulitazama kwa kuinua macho tu. Mnara wake ni mnene na wa pembe nne, nao una saa kubwa. Ukiutazama kwa mbali utadhani ni boma la mfalme.

Mafundi wa zamani hizo hawakuwa na saruji wala vyuma vya kutia ndani ya zege. Walikuwa na mawe, chokaa, mchanga na mbao. Jiwe lina tabia moja ambayo kila fundi lazima aijue: ukilikandamiza, huvumilia sana, lakini ukilivuta au ukilipinda, hupasuka. Ukilaza jiwe refu juu ya nafasi pana na kulitwika mzigo, litavunjika katikati. Sasa utafunikaje ukumbi mpana kwa mawe?

Jibu ni tao. Sasa wachagueni wale watu watatu. Wawili wasimame wakitazamana, wasogee nyuma hatua moja, kisha waegemeane kwa viganja vya mikono. Kila mmoja akimtegemea mwenzake, wote wawili hawaanguki. Hilo ndilo tao. Mtu wa tatu sasa aikandamize mikono yao pale inapokutana, taratibu. Mnaona nini? Mikono haivunjiki, lakini miguu yataka kuteleza kwenda nje. Mtu mwingine akiweka mguu wake nyuma ya kisigino cha kila mmoja, miguu haitelezi tena.

Mambo yote ya ujenzi wa mawe wa karne zile yamo katika mchezo huo. Tao hugeuza mzigo wa juu ukawa msukumo wa pembeni, na msukumo huo lazima uzuiwe. Mafundi wa mwanzo waliuzuia kwa kujenga kuta nene sana zenye madirisha madogo, na matao yao yalikuwa ya mviringo, kama nusu ya duara. Baadaye, kuanzia karne ya 12 huko Ufaransa ya kaskazini, mafundi walianza kujenga matao yenye ncha juu, kama viganja viwili vinavyosali. Tao la namna hiyo husukuma pembeni kidogo kuliko la mviringo, kwa sababu pande zake zimesimama zaidi. Tena walijenga mbavu za mawe zinazokutana juu, wakajaza mawe mepesi katikati ya mbavu, na nje ya ukuta wakaweka viegemeo vya mawe, kama ule mguu nyuma ya kisigino. Ujenzi huu huitwa wa Gothiki.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Seremala alitengeneza kwanza kiunzi cha mbao chenye umbo la tao. Mwashi alipanga mawe juu ya kiunzi kutoka pande zote mbili, mpaka akafika juu, akaingiza jiwe la mwisho la kufungia. Hata jiwe hilo lisipoingia, tao lote ni mzigo juu ya mbao. Likiingia, na chokaa ikikauka, kiunzi huondolewa na mawe hujishika yenyewe. Kwa kijiji cha wakulima hii ilikuwa gharama kubwa. Katika nchi zile kila mkulima alitoa zaka, yaani sehemu ya kumi ya mavuno, na mahali pa mizabibu zaka ililipwa hata kwa divai. Basi mwajua sasa kwamba fedha ya kujengea makanisa ya namna hii ilitoka wapi: mashambani.

KWA NINI NGOME?

Tutoke nje sasa. Kanisa la Hunawihr limezungukwa na ukuta wa pembe sita, na ukuta huo una buruji sita za nusu mviringo. Ndani ya ukuta ndimo yalimo makaburi ya kijiji. Mgeni huuliza: watu wa dini wanataka nini na buruji?

Kumbukeni yale niliyosema juu ya mkulima wa zabibu. Miji mikubwa ya Alsace ilikuwa na kuta zake, na mabwana walikuwa na ngome zao juu ya milima. Mkulima wa kijijini hakuwa na kitu. Mwaka 1439, na tena mwaka 1444, makundi ya askari walioitwa Armagnac yaliingia Alsace. Vita vya mfalme wao vilikuwa vimesimama, mishahara hakuna, nao wakaishi kwa kupora. Mwaka 1525 wakulima wenyewe waliasi mabwana wao, wakauawa kwa maelfu. Kisha, tangu mwaka 1618 hata 1648, vikaja Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoiharibu nchi hiyo vibaya sana.

Jengo la pekee la mawe mazito katika kijiji lilikuwa kanisa. Basi watu walilizungushia ukuta. Mlinzi aliye juu ya mnara akiona vumbi la askari, kengele ililia, na watu wakakimbilia ndani na watoto, mifugo na magunia ya nafaka. Ukuta kama huo usingaliweza kuzuia jeshi kubwa lenye mizinga kwa miezi. Lakini genge la waporaji lina haraka, halipendi kukaa mahali penye upinzani.

Mbona buruji ni za nusu mviringo, zinazojitokeza nje ya ukuta? Ukuta ulionyoka una ubaya wake: adui akifika chini yake, aliye juu hawezi kumpiga bila kuinama na kujionyesha. Lakini mtu aliye ndani ya buruji hupiga kando, sambamba na ukuta, kwa kupitia matundu membamba. Buruji moja huilinda nyingine. Chorani katika daftari zenu umbo la pembe sita, mweke duara dogo katika kila pembe, kisha mpige mistari kutoka duara moja mpaka jingine. Mtaona kwamba hakuna upande hata mmoja wa ukuta usiofikiwa.

PICHA ZA UKUTANI

Turudi ndani. Ziko picha zilizochorwa ukutani katika karne ya 15, zinazoeleza maisha ya Mtakatifu Nikolao, askofu wa Myra katika nchi tuiitayo sasa Uturuki. Habari zake zilipendwa sana. Husimuliwa kwamba baba mmoja maskini alikuwa na binti watatu wasio na mahari, naye Nikolao akawatupia dhahabu usiku kwa siri ili waolewe kwa heshima.

Wakulima wengi wa wakati ule hawakujua kusoma. Na hata angalijua mmoja wao, vitabu vilikuwa ghali mno. Kwa hiyo ukuta ulikuwa ndio kitabu. Mzazi alimshika mtoto mkono, akamwonyesha picha ya kwanza, ya pili, na ya tatu, akamsimulia. Ninyi mliokuja kujifunza kusoma mkiwa watu wazima msiwadharau watu hao. Walijifunza kwa njia waliyokuwa nayo.

NYUMBA MOJA, IBADA MBILI

Sasa nafika kwenye swali la yule mzee. Tangu mwaka 1324 nchi ya Riquewihr, na Hunawihr ndani yake, ilikuwa mali ya mabwana wa ukoo wa Württemberg, Wajerumani. Katika miaka ya 1530 mabwana hao waliifuata dini ya Kiprotestanti. Kwa desturi ya wakati ule dini ya bwana ndiyo ilikuwa dini ya watu wake. Basi kanisa la Mtakatifu Yakobo likawa la Waprotestanti, miaka isiyozidi 20 baada ya Papa kumtangaza Huna kuwa mtakatifu.

Mwaka 1648, kwa mapatano ya kumaliza Vita vya Miaka Thelathini, mfalme wa Ufaransa alianza kupata haki juu ya Alsace. Mfalme Louis wa Kumi na Nne alikuwa Mkatoliki. Mwaka 1685 aliifuta amri ya Nantes iliyowalinda Waprotestanti wa Ufaransa, lakini katika Alsace alibanwa na mapatano ya 1648, hakuweza kufanya vivyo hivyo. Akatumia njia nyingine. Ilitolewa kanuni kwamba kijiji cha Kiprotestanti kikiwa na jamaa saba za Kikatoliki, Wakatoliki wapewe sehemu ya altare, na ukumbi utumiwe na Waprotestanti. Katika Hunawihr jambo hili lilianza mwaka 1687.

Msidhani kwamba watu walifurahi. Waprotestanti waliona wameingiliwa nyumbani mwao, na Wakatoliki waliona wamerudishiwa kipande tu cha nyumba waliyonyang'anywa zamani. Hawakupatana kwa kupendana, waliamriwa. Katika makanisa ya namna hii magomvi yalikuwa mengi, juu ya saa za ibada, funguo, kengele na matengenezo.

Hata hivyo mfalme alikufa mwaka 1715, na utawala wa Kifalme ukaondolewa katika Mapinduzi ya Ufaransa. Aliyetoa amri hayupo tena, lakini kanisa la Hunawihr lingali linatumiwa na madhehebu yote mawili. Ni mojawapo ya makanisa kadhaa ya Alsace yaliyo hivyo mpaka leo. Kwa nini hawakugawana? Nawaombeni mfikiri juu ya jengo lenyewe. Ukuta ni mmoja. Mnara ni mmoja. Makaburi ya wazee wa pande zote yako katika uwanja mmoja. Na mvua ikipita kwenye vigae vilivyovunjika haiulizi huu ni upande wa nani.

MIPAKA ILIYOHAMA

Neno moja tena. Mtoto aliyezaliwa Hunawihr mwaka 1869 alizaliwa Mfaransa. Mwaka 1871 Alsace ilichukuliwa na Ujerumani. Mwaka 1918 ikarudi Ufaransa, mwaka 1940 ikanyakuliwa tena na Ujerumani, na mwaka 1945 ikarudi Ufaransa kabisa. Mtu huyo, kama aliishi mpaka uzee wake, alibadilishiwa dola mara nne bila kuhama nyumba yake. Mwezi wa Desemba 1944 mapigano yalifika vijiji jirani. Bennwihr na Mittelwihr, vilivyo karibu kabisa, viliharibiwa karibu vyote, na kanisa la Bennwihr ilibidi lijengwe upya baada ya vita. Kanisa la Hunawihr lilibaki limesimama, na mizabibu ikapogolewa tena.

Basi ndugu, yule mzee nimwambie nini? Namwambia kwamba kupendana ni kuzuri, lakini msikungoje ili mwanze. Kaeni pamoja, mwandike katika karatasi moja mambo matatu: nani anaingia saa ngapi, ufunguo unakaa kwa nani, na paa likivuja nani analipa. Kisha ondoeni kufuli moja. Darasa la watu wazima nalo liandikwe katika karatasi hiyo, wasisahauliwe tena chini ya mti.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini upande wa mashariki wa milima ya Vosges hupata mvua kidogo? Je, kuna mlima katika nchi yenu ufanyao hivyo?

2. Elezeni kwa mchezo wa watu watatu kazi ya viegemeo vya nje ya ukuta.

3. Buruji inayojitokeza nje ya ukuta ina faida gani kuliko ukuta ulionyoka?

4. Kanuni ya Mfalme Louis ilitolewa bila kuwauliza wanakijiji. Ni mambo gani yangalikuwa tofauti kama wangaliulizwa?

5. Tajeni jengo moja la kijiji chenu linalotumiwa na watu wa namna mbalimbali. Ni nani anayelitengeneza linapoharibika?

Katibu wa kikundi ayaandike majibu na kutuletea kwa posta. Juma lijalo, saa hizi hizi, tutaeleza jinsi chokaa inavyochomwa, na kwa nini ukuta wa chokaa hupumua. Kila kikundi kiwe na kipande cha chokaa na bakuli la maji. Kwaherini.